Suruali Isiyochakaa Magotini

Jamani, hili hamtaliamini, na siwalaumu. Suruali kuukuu, chafu, haina hata kifungo cha juu, ilimsema mwenyewe mbele ya watu. Bila mdomo! Mchana kweupe, kwenye stoo ya mjengo.

Stoo yenyewe ilikuwa chini ya ngazi, kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo bado lilinuka saruji mbichi. Aliyeitunza alikuwa dada mmoja ambaye jina lake wote walishalisahau. Walimwita Dada Stoo. Kazi yake kutoa misumari, kupokea mifuko ya saruji, na kugombana na mafundi wanaorudisha nyundo bila mpini. Wiki ile msimamizi akamwongezea nyingine: achague suruali za kazi za mafundi kumi na mmoja.

"Mimi sichagui tena," msimamizi alisema. "Nimekoma."

Alikuwa na haki ya kukoma. Zile alizonunua yeye mara ya mwisho zilikuwa na mifuko sita na zipu za kung'aa, na hazikumaliza wiki mbili. Fundi nondo, yule waliyemwita Koleo, alichuchumaa siku ya tatu tu, ikasikika praaa! Akamaliza siku kajifunga karatasi la saruji kiunoni kama mtu katoka kuoga.

"Ila nataka karatasi," msimamizi akaongeza. "Kila fundi, suruali ya aina gani, na sababu. Ofisini hawapitishi kitu bila sababu. Ijumaa saa kumi niwe nayo mkononi."

Dada Stoo hakutaka mchezo. Alikuwa na sampuli tatu: ya kaki, ya jinzi na ya turubai. Akazigeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kucha, halafu akakunja kila moja na kuisugua kwenye ukuta usiopigwa plasta, mara mia mia, mpaka bega likamuuma. Kaki ikatoboka. Jinzi ikatoa nyuzi. Turubai? Nakwambia ukuta ndio uliopukutika.

Basi turubai. Lakini fundi cherehani wa kuzishona alishaweka sharti lake: kila suruali angeizidishia kitambaa sehemu moja tu, wachague wapi. Na hapo ndipo Dada Stoo alipopata akili. Fundi ukimuuliza suruali yake inachakaa wapi, atakujibu lolote linalomjia. Suruali yenyewe haijui kudanganya.

"Nileteeni za zamani," akawaambia. "Zilizochakaa."

"Dada, nikuletee na soksi?" Koleo akauliza.

"Za kwako kaa nazo, mwenzio nina watoto."

Zikaja kumi na moja. Akazipanga juu ya meza ya mbao moja moja, na kila aliyoigusa ilikuwa kama inapiga soga. Ya fundi wa kuchomelea ilikuwa na vitundu vidogo vidogo mapajani, kama imenyunyiziwa pilipili, kazi ya cheche hiyo. Ya Koleo ilichanika mfuko wa nyuma, anakochomeka koleo lake. Ya fundi mbao imekwisha paja moja tu, la kushoto, anakoegemeza mbao akikata. Dada Stoo anaandika, anacheka peke yake.

Akafika kwenye ya mjomba wake.

Mjomba alikuwa ndugu wa mama yake, tumbo moja, na ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Pale mjengoni wote walimwita Mjomba, kwa sababu yeye alimwita hivyo. Fundi wa vigae vya sakafuni, miaka ishirini na kitu, sakafu zake ukimwaga maji yanakimbilia yanakotakiwa. Na Jumatatu ndiyo alikuwa anaanza ukumbi wa chini, sakafu kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Aliusubiri ukumbi ule kama bwana harusi. Hata wakati wa kula aliongelea ukumbi tu.

Sasa, fundi wa sakafu anaishi kwa magoti. Goti la suruali yake ndilo la kwanza kufa. Lakini ile suruali magoti yalikuwa mazima, hata mkunjo wa pasi ulionekana! Akaigeuza nyuma. Makalio yalikuwa mepesi kama ganda la kitunguu, ukiinua unaona dirisha.

Dada Stoo akaketi. Miezi miwili Mjomba alikuwa anafanya kazi kafunga mlango. Vumbi, alisema. Vumbi linaharibu gundi. Na wote waliamini, kwa sababu nani atabishana na Mjomba kuhusu gundi?

Akapanda mpaka ghorofa ya tatu, akasukuma mlango bila kubisha.

Mjomba alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha mbele kama mtoto anayecheza, anapaka gundi, anabandika kigae, kisha anajisukuma nyuma kwa mikono. Anasota. Mtu mzima, fundi mkuu, anasota kwa makalio.

"Funga mlango, mama," akasema bila kuinua macho.

Akaufunga. "Tangu lini, Mjomba?"

"Tangu lini nini?"

"Magoti."

Akagonga kigae kwa nyundo ya mpira, mara tatu, taratibu. "Tangu ghorofa ya pili. Yanavimba hivi. Lakini kazi haijaharibika. Pima."

Dada Stoo akaweka pima maji. Kipovu kikatulia katikati, kimya. Sawasawa kabisa.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema nisipige magoti. Yeye kabandika vigae vingapi?"

"Na ukumbi? Ule huwezi kuumaliza kwa kusota."

"Ukumbi nitapiga magoti. Nitavumilia, ni miezi miwili tu. Wewe niandikie suruali ya magoti kama fundi vigae yeyote. Yule bwana msimamizi akijua, ukumbi anampa mtu mwingine, mimi ananipeleka ukutani, vigae vya bafuni. Bafuni, mama! Baada ya miaka yote hii."

Dada Stoo akashuka ngazi, akaketi mbele ya karatasi yake. Mistari kumi ilikuwa imejaa. Wa kumi na moja mweupe.

Na msimamizi naye, kwa kuwa siku mbaya haina haraka ya kuisha, akaja saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya muda. Hakugusa karatasi. Aliokota suruali.

"Hii ya nani? Magoti mapya, makalio yamekwisha. Nani huyu ninayemlipa kukaa?"

"Yangu," Dada Stoo akasema. Lilimtoka tu.

"Yako."

"Si nashinda nimekaa hapa kwenye kreti, bosi."

Msimamizi akaipandisha ile suruali, akampimishia kwa mbali. "Dada Stoo, hii ukivaa itakufika kwapani. Halafu kama unashinda umekaa, ofisini wameshaniuliza kama stoo inahitaji mtu wa siku nzima. Niwajibu nini?"

"Ni yangu hiyo."

Aliyesema ni Mjomba, kasimama mlangoni. Alishuka kuja kuhakikisha ameandikwaje, akamkuta mtoto wa dada yake anataka kuuza kibarua chake kwa ajili yake. Nyuma yake Koleo, aliyekuja kuchukua waya wa kufungia nondo, akasimama palepale.

Msimamizi akamtazama Mjomba, akatazama suruali. Ikamwingia akilini.

"Mjomba. Hebu piga goti."

Mjomba akashika ukingo wa meza. Goti la kulia likashuka nusu, likagoma, likashuka tena. La kushoto likafuata. Jasho lilimtiririka shingoni, lakini alifika chini, akatabasamu. "Si unaona?"

"Naona," msimamizi akasema. "Sasa simama."

Mjomba hakusimama. Alijaribu. Akajaribu tena, meza ikalia. Koleo, yule wa utani kila dakika, akageuza uso akaanza kuhesabu misumari isiyomhusu. Dada Stoo akapitisha mkono kwapani mwa mjomba wake, akamnyanyua.

Msimamizi alivua kofia ngumu, akajikuna kichwa muda mrefu.

"Mimi nimekuja kuchukua karatasi," akasema mwisho. "Karatasi ikiniambia magoti, Jumatatu anaanza ukumbi, siulizi kitu. Ikiniambia makalio, anakwenda bafuni, anafanya kazi amesimama. Dada, wewe ndiye damu yake. Andika." Akawapa mgongo, akawa anaangalia nje.

"Mama," Mjomba akanong'ona. "Huo ukumbi mmoja tu. Sitakuomba kingine."

Dada Stoo aliwaza ukumbi ule, safu kwa safu, mamia ya vigae, na kila kimoja mtu anashuka na kupanda. Turubai akitaka ataizidisha mara mbili, hata mara tatu. Goti angelizidisha na nini? Lakini pia aliwaza uso wa mtu anayebeba furaha moja kwa miezi, halafu mtoto aliyemwingiza kazini yeye mwenyewe ndiye anayemnyang'anya kwa kalamu.

Akaandika: makalio. Sababu: fundi ana magoti mabovu.

Mjomba aliyasoma maneno yale juu chini, kutoka upande wake wa meza. Akakunja suruali yake kuukuu vizuri, pindo juu ya pindo, akaondoka.

Sasa ni wiki ya tano. Suruali za turubai zimefika, hakuna hata moja iliyochanika. Ukumbi anabandika mtu mwingine. Mjomba yuko bafuni, kuta zake zimenyooka, na akihitaji kitu stoo anamtuma Koleo. Jioni Dada Stoo anamwona anavyoshuka ngazi, mguu baada ya mguu, hajishikilii tena popote, na anapita mlangoni pake bila kugeuka.

Haya niambie, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nini?