Bangili za Chuo

Jamani, hii mtasema nimeitunga. Mimi mwenyewe kama nisingekuwepo ningesema hivyohivyo. Dada yangu, tumbo moja na mimi, alimfukuzisha mama yetu kazi mbele ya ukumbi uliojaa watu, na watu wakapiga makofi. Ngoja niwaeleze taratibu, maana nikikumbuka mpaka vidole vinateleza kwenye simu.

Mama alikuwa anafungasha sabuni kiwandani. Wanawake wamesimama safu moja, vipande vinatoka kwenye mashine bado vinatoa jasho, wao wanakamata, wanazungushia karatasi, wanatia kwenye boksi. Dada yeye alikuwa chuo cha biashara, shahada ya pili, na mama alikuwa hapitwi na mtu bila kumtajia. Mpaka mlinzi wa getini anajua dada anasomea nini, na mimi sijui vizuri.

Sasa profesa wa dada, wanafunzi wake wanamwita Slaidi, kwa sababu hata salamu hawezi kukupa kabla projekta haijawaka. Huyu Slaidi akaja kiwandani na boksi la bangili. Nyeusi, za mpira, zina kitaa cha kijani. Unaivaa, inasoma mkono wako unavyosogea, inatuma yenyewe kwenye kompyuta ya chuo. Akawaambia ni utafiti, wanataka kuona teknolojia itawapunguziaje uchovu.

Wanawake wakagoma. Kuna mmoja wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki, alisema yeye havai kitu ambacho kesho kitamwambia bosi ameenda chooni mara ngapi. Mama ndiye aliyewatuliza. Akawaambia hao ni watu wa shule ya mwanangu, mnaniaibisha. Wakavaa. Wote. Kwa heshima ya mama.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, sikilizeni. Sabuni ile ni mbichi, mikono inajaa povu. Mama akaona bangili inaanza kuwa nyeupe, roho ikamruka. Ikifa je? Si watasema mama yake fulani ndiye kaua mali ya chuo? Basi akawa anaivua, anaifuta, anaifunga kwenye kitambaa, anaitia mfuko wa aproni. Ukifika muda wa mapumziko ananawa mikono, anaivaa tena, anakula nayo. Akawafundisha na wenzake. Safu nzima wakawa wanafanya kazi bangili ziko mfukoni, wanakula bangili ziko mkononi. Mama alitusimulia nyumbani kwa raha zake, anacheka, anamwambia dada asiwe na wasiwasi, vitu vyenu tunavitunza kama yai. Dada alikuwa anachapa kwenye kompyuta. Akasema, haya mama, asante.

Baadaye Slaidi akatangaza mashindano. Kila mwanafunzi achukue zile data, atoe pendekezo la kupunguza gharama za kiwanda. Pendekezo litakaloshinda mwenye kiwanda analitekeleza, na aliyeliandika anabaki chuoni, msaidizi wa utafiti, ofisi yake, meza yake. Dada aliitaka ile nafasi mpaka akakonda. Alikuwa na programu inayowapanga wafanyakazi kwa rangi, kijani, njano, nyekundu. Siku moja nikachungulia skrini yake, nikaona safu ya kufungasha nyekundu tupu, kama imemwagiwa damu.

Nikamuuliza, dada, hao si kina mama?

"Hapo hakuna kina mama," akasema. "Hapo kuna namba."

Nikamkumbusha habari ya mfukoni. Akazungusha kalamu, halafu akaniambia anajua, ile safu ataiondoa kwenye kazi yake, ila nisimwambie mama nikampandisha presha bure. Nilimwamini. Ni dada yangu, ningemwaminije nusu?

Siku ya ukumbi mama alikuwa zamu. Akanituma mimi nikampigie dada picha, tena nisikate miguu. Nikaenda. Ukumbi baridi kama friji, viti vya kuzunguka, mwenye kiwanda mbele kabisa kakunja nne. Dada akapanda, kapendeza kweli. Picha ya kwanza ukutani, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikaja na maandishi makubwa: MIKONO ILIYOLALA. Chini yake safu ya mama, nyekundu vilevile.

Simu nikaishusha.

Akaeleza kwamba safu ile haina faida, inunuliwe mashine ya kufungasha, wote watolewe. Grafu inapanda, grafu inashuka. Kuna mwanafunzi mmoja nyuma akanyoosha mkono. Akasema samahani, naona hawa mikono yao inasogea wakati wa mapumziko tu, mbona ajabu, haiwezekani wakati wa kazi bangili walikuwa wamezivua?

Slaidi akamtazama mwenye kiwanda, mwenye kiwanda akamtazama Slaidi. Dada akatafuta kwenye viti mpaka macho yake yakanipata. Nikatikisa kichwa, yaani nikamwomba kwa kichwa.

"Hapana," akasema, "nimehakikisha mwenyewe. Hawa huwa wanaamka chakula kikifika."

Ukumbi ukacheka. Mwenye kiwanda alicheka mpaka akafuta macho. Halafu makofi.

Wiki haijaisha, mama akarudi nyumbani na aproni yake kwenye mfuko wa plastiki. Getini waliambiwa kuna mtu kasimama ukumbini chuoni, kaonyesha kwa kompyuta kwamba mikono yao imelala, basi wakamalizie usingizi makwao. Kesho yake alasiri wakaja nyumbani, safu nzima, wengine wamekaa kwenye viti, wengine chini. Walikuja kwa dada. Redio, yule asiyezimika, siku hiyo aliongea polepole.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wetu kule. Tusemee."

Dada alikuwa ametoka kazini, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Akawaeleza kwamba teknolojia haimwangalii mtu usoni, kwamba dunia nzima inaenda hivyo, wasikae na uchungu, wafikirie biashara zao ndogondogo. Akasema yuko tayari kuwafundisha namna ya kuanza, tena bure.

Na mama, jamani, mama akawageukia wenzake akawaambia mmesikia? Bure kabisa. Mwanangu ana moyo.

Redio akasimama. Akamwambia mama, sisi ulituvalisha wewe, na kuvua ulitufundisha wewe. Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyemuaga. Mama akabaki anasema nisameheni, nisameheni, mpaka mlango ukajifunga.

Tukakaa watatu. Dada akaenda kumwekea mama chakula, anapakua kwa adabu zote. Mama hakukitazama. Alinigeukia mimi.

"We kitinda mimba wangu, si ulikuwepo ukumbini? Huyo aliyesimama akasema mikono yetu imelala, ulimwona?"

"Mama, kula kwanza, kinapoa," dada akasema.

"Namuuliza mdogo wako. Ni nani? Ana mama huyo?"

Dada ameshika upawa, haunyanyui, hauteremshi. Nyumbani sasa tunaishi kwa mshahara wake yeye. Mama alichobaki nacho ni huyo mtoto wa kumsifia tu, wenzake ndio hao wameshaondoka, na lawama zote wamemwachia yeye. Na ananitazama mimi, anasubiri.

Haya, nambie wewe unayesoma. Ungemjibu nini?