Mtu wa Kukaa

Parfait njo aliniletea habari. Parfait ni Murundi, tulisoma naye soudure pale Base Camp, mu kambi yetu ya Nakivale, miezi sita, kuchomelea vyuma mpaka macho inawaka kama pilipili. Siku ya kumaliza balitupigia makofi, balitupa karatasi na soda, kisha kila mtu akarudi kukaa kwao. Mi nilikuwa nimeacha masomo mu senior two, kukaa nyumbani nilikuwa nakujua vizuri kuliko soudure.

"Kuko garage moja ku Biharwe," Parfait akasema. "Banatengeneza matanki ya maziwa. Banatafuta kijana wa kujifunza miaka mbili, na kila juma banamulipa."

"Banamulipa akiwa bado anajifunza?"

"Nimesema nini sasa?"

"Mbona wewe hauende?"

"Mi mjomba ananingoja Kikagate, dukani. Na ule mzee anataka inox. Inox na mimi hatupendane."

Inox ni ile chuma yenye haishike kutu. Mi naipenda. Nilimupigia simu yule mzee siku ile ile. Katungi, njo jina yake. Hakunisalimia mara mbili.

"Kuja Jumanne. Kuja na mtu mkubwa ya kukusimamia. Si rafiki yako, mtu mkubwa."

Mwalimu wetu wa soudure alikuwa ameshahamia Kampala. Nilifikiri nichukue jirani yeyote mwenye suti. Mama akakataa.

"Utaenda na Pasta Kabanda. Unataka batu baseme mtoto wangu hana batu?"

Hapa lazima niseme juu ya dossier, bila hiyo hautaelewa kitu.

Dossier yetu, ile faili ya wakimbizi, ilikuwa ya kwenda Amerika. Tulikuwa tumefanya interview zote, hata daktari alitupitisha, ikabaki ndege tu. Kisha ndege zikasimama. Mi mwenyewe nilienda ku ofisi, nikapanga mustari toka asubuhi, na dada wa ku dirisha akaniambia kwa upole: musingoje. Nikarudi nikamwambia Mama. Akanitazama kama nimeleta nyoka.

"Ile neno usiiseme tena mu nyumba hii."

Njo hivyo tuko bote, si Mama peke yake. Mu kambi, dossier ya mtu ikikufa, unaiuliza tu kama mugonjwa. "Inaendelea?" "Inaendelea." Na kila Ijumaa kanisa inafunga kula na kuiombea. Mama analima maharagi tu. Ukimwambia apande migomba anasema, "Mgomba unachelewa kuzaa. Utanikuta wapi?" Na chini ya kitanda kuko valise, sanduku ya safari, mu valise kuko koti moja nzito ya manyoya ndani, ya bleu, Mama alininunulia ku mitumba ya Mbarara nikiwa na miaka kumi na ine. Ya baridi ya kule. Hakuna mtu anaigusa.

Basi Jumanne tukafika Biharwe, mimi na Pasta. Pasta amevaa tai, ameshika Biblia. Garage iko kando ya barabara ya Masaka, yadi kubwa, matanki imelala pale kama ng'ombe zimeshiba. Katungi ni Munyankore mufupi, mikono yake imechomwachomwa. Akanipa vipande mbili vya inox, nyembamba kama kifuniko ya sufuria.

"Unganisha."

Hii kazi, ukichelewa chuma inajipinda, ukiharakisha inatoboka. Na mimi ni mtu wa kuharakisha, kila mtu ananijua hivyo, hata bugari ku sahani singoje ipoe. Nikakaza meno. Nikaenda polepole mpaka shingo ikauma.

Katungi akangoja ipoe, akapitisha ukucha juu ya fasi nilichomelea. Akapitisha tena.

"Wewe unajua nini mimi natafuta?"

"Fasi maziwa inaweza kubakia ndani ikaoza."

"Mm." Ukucha haukukwama. Akacheka kidogo, akaniita "kijana yangu", nami moyo ukaanza kupanda. Akageukia Pasta. "Haya, ssebo. Ambia mimi huyu ni mtu gani."

Pasta akasimama. Akafunga batoni ya koti.

"Bwana asifiwe. Huyu ni mtoto wa baraka. Hanywi, hapigane, mama yake anasali. Na Mungu ameifungulia familia yake mulango mukubwa. Bamepita interview zote. Wakati wowote banaenda Amerika."

Alisema kwa furaha, kabisa. Kwetu hakuna sifa inapita ile. Ukimupeleka kijana kwa bakwe zake, njo neno ya kwanza bababa banasema.

Katungi akaacha kucheka. Akaweka vile vyuma vyangu chini.

"Nyinyi watu ya Nakivale," akasema, bila hasira. "Mimi nilikuwa na kijana, Mukongo kama wewe. Nilifundisha yeye inox mwaka moja na nusu. Asubuhi moja ananipigia simu. Ananiambia, mzee, webale, asante, niko Entebbe, ndege ndiyo hii. Tanki ya mtu ilikuwa hapa, nusu." Akaonyesha fasi katikati ya yadi, utafikiri ile tanki ingali pale. "Mimi nataka mtu ya kukaa. Murudi salama."

Pasta akanitazama, haelewe. Alikuwa bado anatabasamu kidogo.

Nikaona barabara ya kurudi. Nikaona kitanda yangu na valise chini yake.

"Hatuende popote," nikasema.

"Aimable," Pasta akasema.

"Dossier yetu imekufa. Niliambiwa ku dirisha. Miaka mbili niko hapa, hata kumi."

"Funga kinywa, mtoto. Dossier ya Mungu haifungwe na mtu."

"Pasta, mwambie."

Katungi alikuwa anatutazama, huyu, kisha huyu. "Sasa nani anasema kweli? Wewe mzee, wanaenda ama hawaendi?"

Pasta akafungua kinywa. Akakigusa kifuniko ya Biblia.

"Mimi nimefunga kula juu ya hiyo neno," akasema mwisho. "Siwezi kuitamuka."

Katungi akakohoa. Akaokota vyuma vyangu, akaviweka ku meza yake.

"Basi nimesikia. Wangekuwa wanaenda, ungesema ndiyo," akasema. "Jumatatu, saa moja. Vaa viatu ya kufunga."

Kurudi, mu gari, Pasta alivua tai yake, akaiingiza ku mfuko. Nikamwambia asante. Akasema, "Mama yako ataniuliza nini ilipita."

"Mwambie."

"Hapana. Wewe njo ulisema, wewe njo utasema."

Mama alikuwa mbele ya mulango, anachagua maharagi mu lungo. Bella, mudogo wangu, alikuwa anasuka kamba kando yake.

"Alikukubali?"

"Alinikubali. Miaka mbili."

Akacheka, akapiga mapaja. Kisha mikono ikasimama. "Na bakituita katikati?"

"Mama, habatuite. Nilimwambia vile. Mbele ya Pasta."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliendelea kuchagua, lakini niliona maharagi mazuri anayatupa pamoja na mabovu, kuku zinakimbilia. Kisha akaingia ndani. Nikasikia valise inakokotwa ku sakafu. Akatoka na ile koti.

"Vaa."

"Mama, hii jua—"

"Vaa, nimesema."

Nikavaa. Mabega ikagoma. Mikono ya koti ikaishia katikati, fasi kati ya kiwiko na kiganja, na meno ya zipu haikukaribiana hata kidogo. Mama akaishika ile mikono ya koti, akaivuta chini, mara moja, mara ingine, kama ingeweza kufika. Akabaki anaishika. Alikuwa anaangalia mikono yangu utafikiri ni mikono ya mugeni.

"Vua," akasema.

Akamuita Bella. Bella ana miaka kumi na moja, koti ikamufika ku magoti. Mama akamukunjia mikono ya koti, akamufungia zipu mpaka ku kidevu, na jua ya saa nane ilikuwa inaunguza.

"Nenda uchote maji," akamwambia.

Bella akanitazama. Hata yeye alijua ile koti ni nini. Akabeba bido yake ya maji, akatembea, akapita block nzima mpaka ku robine, bomba ya bote, amevaa koti ya baridi ya Amerika, na Mama alisimama ku mulango akamuacha aende.

Batu bote balimuona. Jioni majirani balipita kusalimia, kama kawaida. Balikaa, balikula maharagi yetu. Hakuna mtu aliuliza kama dossier inaendelea.