Mnyoo wa Ndoo ya Mwisho

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mama Chekecheke aliivuta ndoo iliyokuwa imekaa chini ya sinki miaka miwili, akaufungua mfuniko wake, akaanza kuosha tope. Ndiyo ilikuwa kazi yake katika taasisi ya viumbe vya baharini: kumimina tope kwenye chekecheke, kulipitishia maji ya bomba polepole, kisha kuokota kwa kibano minyoo waliobaki juu ya wavu. Ndoo hii ilikuwa ya mwisho kujazwa na marehemu mumewe, mchota tope wa mashua ya taasisi. Kila mtu alimwita Gumba, kwa sababu gumba lake la kulia lilikatwa na mnyororo akashindwa kulipata tena. Siku mbili baada ya kuileta ndoo ile, bahari ikamchukua yeye mzima. Ndoo ilibaki pale kwa kuwa haikuwa na fomu, na pale taasisi kitu kisicho na fomu hakiguswi. Sasa fomu ilikuwa imepatikana.

Ndani yake mlikuwa na konokono watatu, mchanga, na mnyoo mmoja mrefu kama njiti ya kiberiti, mwenye nywele ngumu za rangi ya shaba ubavuni. Katika miaka kumi na tisa ya kuokota minyoo, Mama Chekecheke hakuwahi kumwona wa namna hiyo. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akamtia kwenye chupa ya spiriti, akampelekea mtaalamu wa minyoo, binti mwembamba aliyekula chakula chake cha mchana kandokando ya hadubini.

Mtaalamu alimlaza mnyoo kwenye kisahani, akainama, akahesabu pingili, akaandika hamsini na sita.

"Hamsini na nane," mnyoo akasema. "Mbili za mkiani nimezikunja."

Mtaalamu alihesabu upya, akafuta, akaandika hamsini na nane. Mnyoo alikuwa amekufa miaka miwili, lakini hesabu ni hesabu.

Wiki hiyo kazi ilikwenda haraka kuliko kawaida, maana mnyoo alijieleza mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa kujisifu. Alidai ana macho sita. Mtaalamu alimwambia mawili ni madoa tu. Walibishana hadi saa ya chai, na baada ya chai yakaandikwa macho manne na madoa mawili yanayopendeza.

Ikabaki sehemu ya aliyemwokota. Kila mnyoo wa aina mpya huandikiwa kijikaratasi kinachokaa naye ndani ya chupa, na juu yake huandikwa jina lake na jina la aliyemtoa baharini. Minyoo wote kumi na mmoja wa kabatini waliandikwa kwamba waliokotwa na mkurugenzi, mtu ambaye akiona picha ya mashua tu huomba kiti.

"Mwanangu," Mama Chekecheke alimwambia mtaalamu, "huyu mwandikie mume wangu. Bahari haikumrudisha. Hana kaburi, hana hata jiwe. Jina lake haliko popote."

Mtaalamu alisema hana neno, ila sahihi ni ya mkurugenzi. Basi wakaenda wote watatu, mnyoo akiwa mkononi mwa Mama Chekecheke, ndani ya chupa yake.

Mkurugenzi aliwakaribisha vizuri. Mnyoo alieleza kwamba alitolewa baharini na mkono wenye vidole vinne, na kwamba mwenye mkono alikuwa akiimba.

"Akiimbaje?" Mama Chekecheke aliuliza.

"Vibaya, mama."

"Ndiye," akasema.

Mkurugenzi alikuna kidevu. Alisema yeye binafsi hana kinyongo na marehemu, lakini shahidi huyu bado hajapewa jina, na asiye na jina hawezi kutoa ushahidi. Apewe kwanza. Wakakubali kuwa hilo ni sawa. Siku iliyofuata mnyoo akapewa jina la baba mkwe wa mkurugenzi, mstaafu wa kampuni ya bima, ambaye alikuwa na siku ya kuzaliwa wiki ile na alikuwa hajanunuliwa zawadi.

Wakarudi. Mnyoo, sasa akiwa na jina, alirudia maneno yale yale.

"Tatizo ni moja," mkurugenzi alisema. "Kwa kuwa ana jina, ameshaingia kwenye orodha ya mali za taasisi. Na mali ya taasisi haiwezi kusema kinyume na taasisi."

Mnyoo alikiri kwamba hata topeni hakuwahi kubanwa namna ile.

Mkurugenzi akatoa kalamu yake ya dhahabu, akaandika kijikaratasi kwa mkono wake mwenyewe: juu jina la baba mkwe, chini jina lake.

"Bosi, cha kukaa kwenye spiriti huandikwa kwa penseli," Mama Chekecheke alimwambia. "Wino hutoka."

"Penseli ni ya watoto wa shule, mama."

Mama Chekecheke alikuwa ameshasema. Akakichukua kijikaratasi, akakitumbukiza chupani.

Ilipopita wiki, spiriti ilikuwa ya bluu na karatasi nyeupe kama haijawahi kuguswa. Mkurugenzi akaandika tena. Tangu hapo huandika kila mwezi, kwa kalamu ile ile, akisifia mwandiko wake, na Mama Chekecheke humwaga spiriti ya bluu na kutia nyingine. Mnyoo hulalamika kwamba ile ya bluu ina ladha ya bima. Wakija wageni, mkurugenzi humwita mnyoo kwa jina la baba mkwe wake, naye haitiki, na wageni huambiwa kwamba amekufa.

Asubuhi, kabla wengine hawajafika, Mama Chekecheke hufungua kabati kufuta vumbi. Hapo mnyoo huimba. Huimba wimbo alioukuta juu ya tope, na huupotosha pale pale Gumba alipokuwa akiupotosha, kwenye mstari wa tatu. Mama Chekecheke husikiliza mpaka mwisho bila kumsahihisha. Kisha hulifunga kabati lenye minyoo kumi na wawili waliookotwa na mkurugenzi, akaenda sinkini kuvuta ndoo nyingine.