Mtoto wa Mbuzi Aliyenukia Waridi

Mume wangu ni kinyozi, na ugonjwa wake ni usafi. Akiona chochote chenye uhai, mikono inamwasha kukiogesha. Basi asubuhi ile mbuzi wetu alipozaa, mimi niko ndani namnyonyesha binti yetu mchanga, mwenzangu akachukua beseni, akamwogesha mtoto wa mbuzi kwa sabuni ya waridi, ile ya wateja. Akamkausha kwa taulo ya saluni. Na marashi akampaka, jamani!

Nilipotoka uani, mbuzi alikuwa anampiga mwanawe pembe. Kila kitoto kikisogelea kiwele, mama anakinusa, anakisukuma huko. Kilikuwa hakijapata hata tone, na miguu imeshaanza kukilegea. Niliogopa sana. Bila dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, kitoto kile kisingefika kesho.

"Mama gani huyu asiye na huruma?" mume wangu akafoka.

"Huruma anayo. Hebu mnuse huyo mtoto."

Akakiinamia. "Mbona ananukia vizuri?"

"Ananukia wewe! Mwenzio kazaa mbuzi, hakuzaa kinyozi."

Akaanza kujitetea, maskini, taulo begani. Sikuwa na muda wa kumbembeleza. "Lete maji ya vuguvugu, matupu!" Tukakisuuza kitoto mpaka povu likaisha. Nikakisugua kwa majani yale yale aliyozalia mama yake, bado yameloa maji ya uzazi. Kisha nikamkamua mama dang'a kiganjani, nikakipaka kitoto mgongoni na chini ya mkia, iliyobaki nikampaka mama puani.

Akajilamba pua. Akakinusa kitoto. Akainua kichwa juu, nikasema leo yametukuta. Mara akatoa kisauti kizito cha kooni, akaanza kukilamba. Kitoto kikapapasa, kikateleza, kikasimama tena, kikaipata chuchu. Kimkia kikawa hakitulii.

Nililia, na sioni aibu kusema. Ndani, binti yetu naye akaangua kilio, na blauzi yangu ikalowa maziwa papo hapo. Mume wangu akakimbia kumchukua, lakini mlangoni akasita, akanusa viganja vyake.

"Mke wangu, nimshike kweli?"

"Mlete, baba. Huyo anakujua hivyo hivyo."