Habari Zilizopoa

Mimi ni mwoga, sikatai. Nikifunga kibanda changu cha ushonaji, hurudi kuangalia kama nimechomoa waya wa cherehani, halafu hurudi tena kuhakikisha kwamba kweli niliangalia. Majirani wananiita Mama Roho Juu, nami naitika. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na zangu ninazo hadi leo.

Familia yangu ina dawa yake ya uoga huu: kunificha mambo. Mjukuu akiugua, naambiwa akishapona. Mwanangu alipovunjika mguu, nilielezwa siku alipoacha magongo. Habari hunifikia zikiwa zimepoa, kama chai ya mtoto. Nilizoea, na siku nyingine nilishukuru.

Dada yangu tu ndiye hakuwa na mambo hayo. Nikimpigia na hofu zangu alisema, "Haya, kaangalie huo mlango, mimi nipo." Nikirudi kwenye simu namkuta anatafuna kitu. Alinicheka sana, lakini hakuwahi kukata.

Siku za karibuni simu yake ikawa inapokelewa na binti yake. "Amelala, mama mdogo." "Ametoka kidogo, mama mdogo." Mimi ninayeogopa kila kitu, hilo sikuliogopa. Nilikuwa namshonea gauni, binti akaniambia nipunguze kiuno. Nikapunguza, huku nikicheka kwamba bibi mzima anarudia usichana.

Leo mwanangu na binti huyo wameingia kibandani pamoja. Mwanangu akachomoa waya wa cherehani, akanipa maji ambayo sikuomba.

"Mama, kaa vizuri."

"Nimekaa."

"Mama mkubwa ametutoka. Alikuwa anaumwa. Tulimzika juzi."

Walisimama mmoja huku, mmoja huku, tayari kunidaka. Sikuanguka. Mama yetu alipofariki, ni mimi niliyemwosha, dada akiwa nje analia. Hawa hawakuwa wamezaliwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mlango na waya ndivyo vinavyonitia kiwewe. Mgonjwa ningemuuguza, maiti ningeiosha.

"Tulikuonea huruma," mwanangu akasema. "Tulijua hutaweza."

Nikamgeukia binti. "Aliniulizia?"

"Mwanzoni, kila siku."

"Mkamwambia nini?"

Akatazama sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa. "Kwamba umeambiwa, ila unaogopa hospitali."

"Naye akasemaje?"

"Alikutetea, mama mdogo. Alisema utajikaza, utakuja." Akaokota kipande kimoja. "Baadaye akaacha kuuliza."

Niliumia mahali ambapo hofu zangu zote hazijawahi kufika. Dada yangu amekufa akiamini nilimkimbia, na uongo huo ameambiwa na watu wanaonipenda.

Nikawaambia watoke. Binti akatoka analia. Mwanangu akaganda mlangoni.

"Naogopa kukuacha peke yako, mama."

"Kaogopee kwako," nikamwambia.