Ushuru wa Neno Moja

Usiku wa jana niliota nimeketi juu ya rafu ya chuma, nimebandikwa karatasi yenye namba, na chini yangu mizigo imejaa kwenye mabenchi ikisubiri kuitwa. Sikushangaa. Nilichojiuliza ni kwa nini rafu yangu haikuwekewa mto.

Ilikuwa forodha. Niliitambua kwa harufu ya gundi na kwa neno lililokuwa likisemwa dirishani kila dakika: bado. Neno hilo nimelizoea. Miezi minne iliyopita nilimwagizia mume wangu mashine ya masikio mtandaoni, kutoka ng'ambo, na kila nikimpigia wakala kuuliza kama imetoka, hunijibu, "Bado, mama." Mara risiti haionekani, mara imeonekana lakini imeandikwa Kichina, mara ofisa aliyeielewa yuko likizo.

Mume wangu hasikii vizuri tangu mwaka juzi. Nikimwambia gesi imekwisha, hunijibu, "Mgeni? Mwambie aingie." Hilo halinisumbui, tunacheka. Kinachoniuma ni kwamba tunakaa nyumba ya vyumba sita, ukuta mmoja na Mama Shani, na kila ninachomwambia lazima nipige kelele. Bei ya samaki naweza kuipigia kelele. Yapo maneno mengine siwezi, na mwaka wa pili huu yamenikaa kooni.

Basi, kwenye benchi naliona boksi langu. Ni dogo kama kipande cha sabuni, limekunja miguu.

"Shikamoo, mama," linasema.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Hapa tunalishwa mihuri tu. Na hawajaelewana mimi ni nini. Jumatatu waliniandika redio. Juzi nikawa spea ya pikipiki. Leo nimeamka ni kitunguu, natozwa kwa kilo."

Namba yetu inaitwa. Nashuka rafuni, nafika dirishani, na dirisha lenyewe ni la jiko langu, hata pazia langu la maua limo. Nyuma yake amekaa mizani, amevaa kofia ya kazi.

"Mzigo una nini?" ananiuliza.

"Mashine ya masikio."

"Hilo ni ganda. Ndani yake patapita nini?"

"Maneno."

"Yataje. Ushuru tunatoza kwenye kinachopita."

Naona aibu. Nyuma yangu kuna foleni ya majokofu na viatu vya mtumba, na vyote vimetega masikio. Nayasema kwa sauti ndogo.

"Ongeza sauti, mama," mizani anasema. "Na mimi sisikii vizuri."

Nikaongeza. "Kibwana wangu, bado nakupenda."

Majokofu yakatazamana. Mbele za watu mume wangu ni Baba Zaituni. Kibwana ni jina la chumbani, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyelisikia kinywani mwangu ila yeye.

Mizani akayaweka maneno yale sahanini, moja moja. "Yako manne. Asilimia ishirini na tano. Utaacha moja."

"Siwezi kulipa kwa shilingi?"

"Shilingi tunazo. Maneno ndiyo yanatuishia."

Nikakasirika. Nikamwambia nimeyatunza miaka miwili, hayana hata mkwaruzo, na yeye anataka kuyapunguza kama kitambaa cha sare.

"Una haki ya kukata rufaa," akasema.

"Rufaa anaisikiliza nani?"

"Mimi. Ila sisikii vizuri."

Ikabidi nichague. Kibwana siwezi kumwacha forodhani. Wangu siliachi, wanawake wako wengi Tanga. Nakupenda ndio mzigo wenyewe. Likabaki bado. Nilitaka kulia, maana hilo bado ndilo miaka yetu yote: mtoto tuliyemzika, duka lililofungwa, siku Zaituni alipohitimu chuo. Bila hilo nitaonekana msichana aliyeanza kupenda jana.

"Chukua," nikasema.

Akalifungia kwenye droo. Droo ilikuwa tupu. "Ahsante sana, mama," akasema kwa upole. "Hili tunalitumia mno, na ya kwetu yalikwisha asubuhi." Kisha akagonga muhuri kwa kishindo.

Nikaamka. Kumekucha, mkononi nimeshika ncha ya mto. Nikaenda jikoni nikainjika chai. Baada ya muda mume wangu akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Chai tayari, Mama Zaituni?"

Nikafungua mdomo nimjibu kama mtu yeyote ambaye birika lake halijachemka. Neno halikutoka. Nikajaribu tena. Midomo ikakutana, pumzi ikapita, neno hakuna. Kuliandika naliandika, kama unavyoona. Kulitamka, tangu leo asubuhi, siwezi.

Na yeye anasubiri, kiganja sikioni. Lazima nimwambie kitu. Kooni nilikuwa nimebakiwa na maneno matatu tu, yamekwisha kulipiwa ushuru. Nikayapigia kelele yote matatu, dirisha likiwa wazi.

Huko uani ufagio wa Mama Shani ukanyamaza.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Akatazama vidole vyake vya miguu, kisha birika, kisha mimi.

"Sema tena," akasema. "Sikusikia."

Namjua mtu huyu miaka thelathini na moja. Alikuwa amesikia. Nikasema tena.