Ukuta Mkavu

Mvua haikukata wiki nzima, lakini ukuta ulikuwa mkavu kama kisigino cha mzee. Fundi alipouona, akatua kikombe cha chai kwenye benchi.

Ukuta ule aliujenga yeye, ili mlima usiporomokee barabara. Aliuwekea mabomba mafupi, yanachungulia nje tu, maji ya mlimani yapate pa kutokea. Chini yake dada yake mkubwa akaweka kibanda cha chai. Sasa mabomba yote yamefungwa midomo kwa simenti, tena imesawazishwa vizuri.

"Dada, nani kaziba haya?"

"Mimi. Ulidhani malaika?" Dada alikuwa anasuuza vikombe, hata hakugeuka. Wateja walikuwa bado. "Mtu akikaa, tope linamdondokea kichwani. Nimekwambia mpaka ulimi umeota sugu, wewe kila siku nakuja, nakuja. Juzi nimefunga kibanda, nikachukua ile simenti uliyoniletea ya sakafu, nikamaliza mwenyewe."

"Shemeji anajua?"

"Atajulia wapi? Anarudi safari leo. Atakuta benchi kavu, atafurahi."

"Dada, yale maji yasipotoka yanausukuma ukuta."

"Yausukume! Kwani ukuta umeujenga au umeuchora?" Akacheka, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Sema tu una wivu. Nimepiga lipu kukushinda."

Fundi naye akacheka. Angefanyaje? Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyembeba mgongoni, akaacha shule ili yeye asome. Mpaka leo na mvi zake, dada akikunja uso tu, anajiona mtoto aliyekojoa kitandani.

"Basi nilete patasi tuzibue," alisema kwa sauti ndogo.

"Na vumbi lako mbele ya wateja? Njoo kesho jioni."

Akasema sawa. Akamaliza chai, akaenda zake.

Ukuta haukungoja jioni. Alfajiri ulitoa tumbo, ukapasuka, mlima ukashuka na miti yake mpaka ng'ambo ya barabara. Dada alikuwa njiani kuleta mkate. Shemeji alikuwa kibandani anawasha jiko. Walimfukua akiwa hai, ila mguu wa kulia ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Magari yakakwama huku na huku, watu wakapanda juu ya kifusi kupiga picha.

Mkubwa wa idara ya barabara akafika na koti lake la mvua. Akamwita fundi mbele za watu.

"Mabomba uliweka?"

"Niliweka."

"Yalikuwa yanatoa maji?"

Fundi akamtafuta dada yake kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, tope mpaka kwenye nyusi, amepakata kiatu kimoja cha mumewe. Macho yale fundi aliyazoea yakimwamuru. Leo yalikuwa yanamwomba.

Akisema ukweli, watamnyooshea dada kidole mpaka anaingia kaburini, na shemeji atajua ni nani kamlemaza. Asiposema, hakuna atakayempa tena hata choo cha kujenga.

"Yalikuwa hayatoi," akasema. "Niliyaweka vibaya. Yakaziba."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Hilo halikuwa uongo.

Watu wakaguna. Mmoja akamtukana, mwingine akamrushia donge la tope, likampiga begani. Mkubwa akamwambia arudishe vifaa vya kazi, asionekane tena kwenye barabara yoyote.

Ndipo dada akasimama.

"Nilimwambia!" akapiga kelele, sauti inamkatika. "Nilimwambia huyu maji hayaendi! Kila siku nakuja, nakuja! Mume wangu jamani!"

Wanawake wakamkumbatia, wakamfuta tope, wakampa pole. "Na ndugu wa tumbo moja," mmoja akasema, akitikisa kichwa.

Fundi alibaki pale, mikono inaning'inia. Hakuwa ametaka kushukuriwa. Alitaka dada anyamaze tu.